Leseni ya urubani si kazi: ya kujua kabla ya kuuza shamba

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia simu baada ya sala ya Isha. Siku hiyo hakuniuliza habari za watoto wala za mke wangu. Alisema moja kwa moja, "Kaka, yule mtoto amepata nafasi shule ya urubani Nairobi. Nataka tuuze lile shamba la baba."

Shamba lenyewe liko upande wa Kilifi, minazi na miembe, na hatujaligawa tangu mzee alipofariki. Sisi ndugu wanne ndio warithi. Fungu la dada kwa hesabu ya mirathi halitoshi kumsomesha rubani, kwa hivyo alitaka tuuze lote, kisha kijana atulipe akianza kazi. Bila sahihi yangu haliuziki.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba muda nikaulize. Mimi si rubani. Nina diploma ya uhasibu, na uandishi huu wa safu nimeufanya miaka kadhaa. Lakini kuhesabu najua, na kuuliza pia najua. Nimesoma kanuni, nikazungumza na kijana wa mtaani kwetu ambaye sasa ni rubani msaidizi, na mwingine aliyemaliza mafunzo na bado hajapata ajira. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa sababu dada yangu hayuko peke yake. Anayeishi Ukunda, Malindi au Lamu, ndege humpitia juu ya paa kila siku. Mtoto akiinua macho akasema "nataka kuwa yule", mzazi lazima awe na jibu.

Ndege tunazozizungumzia

Watu wakisikia rubani hufikiria yule wa ndege kubwa ya kwenda Dubai au London. Ukweli ni kwamba rubani mpya wa Kenya, akibahatika, huanzia kwenye mashirika ya safari fupi, yale yanayotuunganisha na Nairobi, Kisumu na Eldoret, au yanayowapeleka watalii mbugani.

Ndege zao ni za aina mbili hasa. Kuna Cessna Caravan, yenye injini moja na abiria wasiozidi kumi na wachache, ambayo hutua hata kwenye viwanja vya changarawe. Na kuna Dash 8-400, ile ya mapangaboi mawili makubwa chini ya mabawa. Jambojet, iliyoanza safari zake Aprili 2014 kama kampuni tanzu ya Kenya Airways, huitumia ndege hii yenye viti 78 kuja pwani. Ukipanda Dash 8, mlangoni kwa marubani kuna watu wawili: kapteni kiti cha kushoto, rubani msaidizi kiti cha kulia. Kile cha kulia ndicho mpwa wangu anachokiota.

Ngazi za leseni

Leseni hutolewa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege nchini, kwa kufuata viwango vya shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO. Hupandwa ngazi moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni cheti cha afya. Anayetaka kuruka kwa malipo lazima apate cheti cha daraja la kwanza kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka. Hupimwa macho, kutambua rangi, masikio, moyo, damu na mengineyo. Miwani peke yake si kizuizi mradi macho yakirekebishwa yaone sawasawa. Lakini wapo vijana wasioweza kutofautisha rangi fulani na hawajijui mpaka siku ya kipimo. Kwa hivyo usilipe hata shilingi ya karo kabla mtoto hajapata cheti hiki. Nimeona wazazi wakifanya kinyume.

Ya pili ni leseni ya rubani binafsi. Umri ni miaka 17 kwenda juu, na saa za kuruka zisizopungua 40. Hii humruhusu kurusha ndege ndogo bila malipo. Si leseni ya kazi.

Ya tatu ni leseni ya biashara. Umri ni miaka 18 kwenda juu, na saa 200 kwa njia ya kawaida. Ndani ya saa hizo, nyingi lazima awe yeye mwenyewe ndiye mkuu wa ndege. Lazima afanye safari ndefu ya angalau kilomita 540, akitua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Lazima aruke usiku. Kindege kidogo cha injini moja ukikiona kimetua Malindi asubuhi na kuondoka muda si mrefu, huenda ni mwanafunzi kutoka Nairobi anayekamilisha safari yake hiyo.

Juu ya leseni ya biashara huongezwa idhini mbili ambazo hakuna shirika litakalokuangalia bila kuwa nazo. Moja ni ya ndege yenye injini mbili. Nyingine ni ya kuruka kwa vyombo, yaani kuongoza ndege ndani ya mawingu ambapo huoni ardhi wala upeo, unatazama saa na mishale tu mbele yako.

Ya mwisho ni leseni ya rubani wa mashirika. Umri ni miaka 21 kwenda juu, na saa 1,500. Hii ndiyo anayohitaji kapteni wa ndege kama Dash 8. Rubani msaidizi anaweza kuanza na leseni ya biashara, kisha saa zake zikaongezeka akiwa kazini.

Pamoja na kuruka kuna darasa. Sheria za anga, hali ya hewa, kusoma ramani na dira, uzito na mizani ya ndege, injini, mawasiliano ya redio, na somo la mwili na akili ya binadamu awapo angani. Kiingereza hupimwa peke yake, na kiwango cha nne cha ICAO ndicho cha chini kinachokubalika. Kijana aliyekwepa hesabu na fizikia shuleni atayakuta yote yanamngoja.

Hesabu ya pesa

Hapa ndipo nilipokaa na karatasi. Shule hazina bei moja, na bei hubadilika na dola, kwa sababu petroli maalum ya ndege ndogo na vipuri vyake hununuliwa nje. Kwa hivyo usiulize "kozi ni pesa ngapi". Uliza bei ya saa moja ya ndege, pamoja na mwalimu na bila mwalimu, kisha zidisha.

Tuseme, kwa mfano tu, saa moja ni shilingi 15,000. Saa 200 ni shilingi milioni tatu. Hapo hujaweka ndege ya injini mbili, ambayo saa yake ni ghali zaidi. Hujaweka ada za mitihani, ada za leseni, kipimo cha afya, vitabu, ada za kutua viwanjani. Hujaweka kodi ya chumba na chakula Nairobi. Na hujaweka saa za kurudia: 200 ni za chini kabisa, wanafunzi wengi huzipita, na kila saa ya ziada hulipiwa.

Kijana mmoja niliyezungumza naye, babake alilipa pesa zote siku ya kwanza kwa sababu shule iliwaahidi kuwapunguzia bei. Shule ile ilikuwa na ndege chache, na nyingi zilikuwa gereji. Alikuwa akienda asubuhi, anakaa kwenye benchi mpaka alasiri, anarudi chumbani bila kuruka. Mafunzo aliyoambiwa ni ya mwaka mmoja na nusu yalimchukua zaidi ya miaka mitatu. Kodi ya chumba iliendelea kulipwa miezi yote hiyo. Baba aliuza gari.

Somo lake ni fupi: lipa kwa awamu, kadiri mtoto anavyoruka.

Pengo ambalo hakuna anayelisema

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo shamba la urithi huenda.

Kijana amemaliza. Ana leseni ya biashara, ana idhini zake mbili, ana saa 200 na kidogo. Familia imefanya karamu, picha yenye kofia na mistari mabegani imezunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp. Kisha anaanza kupeleka barua za kazi. Sheria inamruhusu kukaa kiti cha kulia. Waajiri wengi wanataka zaidi: saa nyingi kuliko zake, au mtu aliyekwisha kuirusha ndege ile ile wanayoitumia. Saa hupatikana kazini, na kazi hupatikana kwa saa.

Wengine huvuka pengo hili kwa kuwa walimu wa wanafunzi wapya, na wao hupata saa huku wakifundisha. Wengine hukaa kiti cha kulia kwenye Caravan za kukodi, wakipeleka watalii Maasai Mara na Amboseli, kwa malipo madogo. Wengine hupata ndege za mizigo na za misaada za kwenda Sudan Kusini na Somalia, ambako viwanja ni vibaya na usalama ni wa wasiwasi. Zipo pia ndege za miraa zinazotoka Wilson kwenda Somalia. Kazi hiyo kila mtu atajipima na imani yake kabla ya kuikubali.

Na wengine hukaa nyumbani. Huyo anayekaa nyumbani leseni yake hailali salama kabatini kama cheti changu cha diploma. Cheti cha afya kina tarehe ya mwisho. Idhini ya kuruka kwa vyombo lazima ipimwe upya. Kubeba abiria kunataka uwe umepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita. Kila kimoja ni pesa, na asiye na kazi ndiye anayelipa. Leseni ya urubani ni kama samaki, ukikosa barafu haifiki kesho.

Idhini ya aina ya ndege

Tuseme mlango umefunguka, shirika la Dash 8 limemwita. Bado hawezi kuirusha. Ndege ya ukubwa huo ina idhini yake peke yake. Atasoma mifumo yake darasani wiki kadhaa, kisha ataingia kwenye simuleta, chumba kinachofanana na cha marubani kabisa, kilichowekwa juu ya miguu ya mashine na kutikiswa kama ndege ya kweli. Humo mwalimu humzimia injini moja wakati wa kupaa, humwashia moto wa bandia, humfungia uwanja kwa ukungu.

Simuleta za aina hii ni chache Afrika. Chuo cha Ethiopian Airlines kule Addis Ababa kinayo ya Dash 8-400, na marubani wa nchi jirani huenda kufundishwa huko. Gharama ni kubwa. Mara nyingine shirika hulipa, lakini humfunga rubani kwa mkataba: akiondoka kabla ya miaka waliyokubaliana, anarudisha pesa. Mara nyingine hujilipia mwenyewe. Tofauti ya hizo mbili ni thamani ya kiwanja, kwa hivyo mkataba usomwe na mwanasheria kabla ya sahihi.

Akirudi, huanza kubeba abiria akiwa chini ya kapteni mwalimu, mpaka atakapopitishwa. Na kupimwa hakuishi. Kwa kawaida kila baada ya miezi sita hurudi kwenye simuleta kufanyiwa mtihani, na cheti cha afya hupimwa kila mwaka, na mara nyingi zaidi umri ukisonga. Nimewaza ni kazi ngapi hapa nchini mtu akifeli mtihani mmoja au akipatikana na ugonjwa wa moyo husimamishwa siku hiyo hiyo. Sikuzipata nyingi.

Siku moja ya rubani msaidizi

Nilimwuliza yule kijana wa mtaani siku yake ikoje. Alicheka, akasema, "Ami, watu huona kofia. Hawaoni saa tisa ya usiku."

Ndege ya kwanza ya kuja pwani ikiwa ya alfajiri, yeye huamka saa tisa, anapitiwa na gari, anafika kabla ya abiria. Yeye na kapteni husoma taarifa za hali ya hewa za wanakotoka, wanakokwenda, na uwanja wa akiba iwapo itashindikana kutua. Huhesabu mafuta. Huhesabu uzito, na hapa pwani yetu ina jambo lake. Nairobi iko juu sana, hewa ni nyembamba, ndege inahitaji barabara ndefu zaidi kupaa. Huku kwetu hewa ni nzito lakini joto ni kali, na uwanja kama wa Malindi si mrefu. Abiria akilalamika kwamba begi lake limebaki, mara nyingine sababu ni hesabu hiyo.

Halafu kuna pepo zetu. Kaskazi na kusi ambazo nahodha wa jahazi huzijua, rubani naye huzijua. Upepo ukipiga ubavuni wakati wa kutua, ndege huja imeinamia upande, kisha hunyooshwa dakika ya mwisho kabla magurudumu hayajagusa. Mvua ya masika ikianza, safari ya dakika arubaini huwa kazi ya kutafuta njia kati ya mawingu.

Nairobi hadi Mombasa, kurudi. Nairobi hadi Ukunda, kurudi. Nairobi hadi Malindi, kurudi. Anaweza kufanya miguu minne au sita kwa siku, na kati ya mguu na mguu ni nusu saa tu, abiria washuke, wengine wapande. Wao wawili hupokezana, huyu akirusha yule husimamia redio na kumchunga mwenzake. Chini ya futi 10,000, wakati wa kupanda na kushuka, haruhusiwi kuzungumza jambo lisilohusu kazi.

Sheria inaweka mipaka ya saa za kuruka kwa siku, kwa mwezi na kwa mwaka, na muda wa kupumzika baina ya zamu. Lakini zamu haijui Ijumaa wala Idi. Ratiba hutoka kila mwezi, na siku za akiba hukaa karibu na simu akiwa tayari kuitwa. Na kambi ni Nairobi. Kijana wa Kilifi akiwa rubani atapita juu ya nyumba ya mamake mara nne kwa siku asiweze kuteremka kunywa chai.

Akiruka saa 60 kwa mwezi, saa 1,300 zinazobaki kufikia leseni ya kapteni zitamchukua karibu miaka miwili. Kupewa kiti cha kushoto huweza kuchukua miaka zaidi, kwa sababu lazima kiwe wazi. Wako waliofika mbali kwa subira hiyo. Irene Koki Mutungi, Mkenya mwenzetu, mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner, na yeye pia alianza chini.

Yaliyotokea Buffalo

Nimeeleza uchovu na malipo madogo ya mwanzo. Mtu anaweza kusema, hayo ni ya marubani na familia zao, yananihusu nini mimi abiria? Kuna ajali moja inayojibu swali hilo, na ilihusu ndege ya aina hii hii tunayoipanda.

Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air, Dash 8-400, ilikuwa ikitoka Newark kwenda Buffalo, Marekani, usiku, kwenye baridi ya barafu. Ikikaribia kutua, mwendo ulipungua bila marubani kugundua mapema. Usukani ulianza kutikisika wenyewe, onyo kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Dawa yake ni kushusha pua ili mwendo urudi. Kapteni alivuta usukani kuinua pua. Ndege ilianguka juu ya nyumba. Walikufa wote 49 waliokuwamo, na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake.

Wachunguzi walisema chanzo ni kitendo kile cha kapteni. Lakini walichimba zaidi. Marubani walikuwa wakizungumza mambo mengine wakati ambao haukuruhusiwa. Rubani msaidizi, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alisafiri usiku kucha kutoka Seattle, upande wa pili wa nchi, kuja kuanza zamu. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha mapumziko uwanjani, si kwenye kitanda. Mshahara wa rubani msaidizi ulitajwa hadharani: yapata dola 16,000 kwa mwaka, katika mji ambao pesa hiyo haikodi nyumba. Kumbe waliokuwa wakiendesha ndege za mashirika madogo, zenye nembo za makubwa, walikuwa wakiishi maisha ya kubangaiza.

Familia za waliokufa hazikunyamaza. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya, na kutoka 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria kule lazima awe na saa 1,500, isipokuwa waliotoka jeshini au vyuo vya urubani wanaopunguziwa. Kanuni mpya za mapumziko zilianza 2014, zikitaka angalau saa kumi za kupumzika kabla ya zamu. Marubani walipokuwa adimu, mishahara ya kuanzia ilipanda sana, hasa mwaka 2022.

Sisemi Kenya inakili saa 1,500 hizo. Wako wataalamu wanaosema saa nyingi peke yake hazimfanyi mtu rubani bora, na hapa kwetu kiwango hicho kingewafungia mlango vijana wasio na mali. Ninachosema ni kwamba aliyepumzika na kulipwa vizuri akiwa kiti cha kulia ni sehemu ya usalama wa ndege sawa na injini. Bei ya tiketi ikishuka, abiria ana haki ya kuuliza imeshuka mgongoni mwa nani.

Dini na kazi hii

Dada yangu aliniuliza pia kuhusu sala na saumu, na wazazi wengi wa pwani wataliuliza hilo. Rubani ni msafiri. Masheikh wetu wametufundisha kwamba msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na ana ruhusa ya kula Ramadhani akalipa siku zake baadaye. Mwenye roho za watu 78 mikononi mwake akihisi kiu inamfifisha, ruhusa hiyo ni rehema, asione haya kuitumia. Kijana niliyezungumza naye hufunga siku zake za mapumziko, nyingine hulipa.

Suala la mkopo ni gumu zaidi. Mkopo wa riba kwa masomo ambayo ajira yake haina hakika ni mzigo wa dini na wa dunia pamoja. Zipo benki za Kiislamu nchini. Mzazi aende akaulize mapema, asingoje mpaka karo iwe imechelewa ndipo akimbilie kwa wakopeshaji wa simu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Je, shule ina kibali cha KCAA cha sasa hivi? Ulizeni mamlaka yenyewe, msiulize shule.

Ina ndege ngapi zinazoruka leo, na wanafunzi wangapi? Nendeni uwanjani Jumanne asubuhi mkahesabu kwa macho.

Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi? Ombeni muongee na watatu.

Pesa zikilipwa na mafunzo yakakwama, zinarudishwa vipi? Jibu liwe kwa maandishi.

Baada ya leseni, familia ina akiba ya miaka miwili ya kumweka kijana na kuitunza leseni yake? Kama hakuna, hesabu haijaisha.

Anayefikiria kusomea Afrika Kusini au Marekani aulize pia gharama na mitihani ya kubadilisha leseni kuwa ya Kenya.

Na kijana mwenyewe amewahi kupanda ndege ndogo? Shule nyingi humpa mtu safari moja ya majaribio kwa malipo. Ni bora atapike siku hiyo kuliko baada ya shamba kuuzwa.

Kuna na mlango mwingine. Chuo cha usafiri wa anga cha Afrika Mashariki kule Embakasi, kilicho chini ya KCAA, hufundisha uhandisi wa ndege, uongozaji wa ndege na kazi nyingine za viwanjani. Fundi wa ndege mwenye leseni anaheshimiwa, na hakuna ndege inayopaa bila sahihi yake.

Nilichomwambia dada

Nilirudi Kilifi Jumamosi. Tulikaa barazani, mpwa wangu naye akiwepo. Nilimwekea karatasi yangu mezani, kuanzia kipimo cha afya hadi miaka miwili ya kungoja. Alisoma yote bila kusema neno.

Nikawaambia hivi. Shamba lote sitalitilia sahihi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na ile minazi ndiyo inayomlisha mama yetu. Lakini ndoto ya mtoto sitaizika. Mwezi huu aende apimwe afya, gharama ni yangu. Akifaulu, tugawe urithi kama dini inavyotaka, dada achukue fungu lake, na nimchangie leseni ya kwanza ya saa 40. Akiipata, na tumeona anavyosoma na jinsi shule inavyomtendea, tutakaa tena.

Dada alinyamaza. Kisha mpwa wangu akauliza, "Mjomba, kipimo cha macho kinafanywa wapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza la rubani. Tunakwenda Alhamisi, inshallah.